Sikio Kabla ya Kamusi

"Andika ubeti wa tatu kwa lugha ya nathari." Swali hili, au ndugu yake wa karibu, ni la kawaida sana katika mitihani ya ushairi wanayofanya vijana wa sekondari nchini Kenya. Wenzao wa Tanzania, wenye diwani za *Wasakatonge* na *Malenga Wapya* mikononi, huulizwa kwa namna nyingine: taja dhamira mbili, onyesha ujumbe, thibitisha kwa mifano. Mwanafunzi hodari hana shida. Anaichukua mishororo minne iliyopimwa kwa hesabu, anaifumua, anaiandika upya mithili ya taarifa, anapata alama zake. Mtafute mtu huyohuyo baada ya miaka kumi, umuulize ni lini alifungua diwani bila kulazimishwa. Atakwambia mashairi ni magumu.

Na jioni hiyohiyo utamkuta anasikiliza taarabu. Wimbo umejaa mafumbo: mna ndege, mna ua, mna mgeni asiyetajwa jina. Yeye anatikisa kichwa. Ameshatambua kwamba kuna mtu kapigwa kijembe, hata kama hajajua ni nani. Hajaomba kamusi. Alisikia kwanza, akavutwa, sasa ndiyo anaanza kupeleleza maana. Darasani mambo yalipinduliwa: maana ilitangulizwa, sauti ikaachwa nje, na anayezungumzwa akasahauliwa kabisa. Sina ugomvi na walimu, kwani wanafundisha kinachosahihishwa. Lakini yeyote anayetaka kujifunza kuupenda ushairi wa Kiswahili, awe na miaka 16 au 60, itambidi aanze upya kutoka upande wa pili.

Tuchukue mstari mmoja, nimeutunga kwa ajili ya makala haya ili nisimchane mshairi wa watu vipande: *Mvua ilipokatika, jirani alitoweka.* Kwa nathari tutasema kwamba jirani aliondoka mvua ilipokwisha. Hakuna kosa hapo, toa alama zote. Lakini mstari una mizani 16, yaani silabi 16, nane kwa nane, na katikati pana pumziko dogo ambapo msikilizaji anangoja. Anajua mvua imekatika, hajui kinachofuata. Pengine ni jua, pengine ni mavuno. Anacholetewa ni jirani aliyetoweka, tena kwa kina kilekile kilichofunga nusu ya kwanza, na papo hapo mambo mawili yasiyolazimika kuhusiana yamefungwa pamoja kwa sauti. Mvua imekwisha, na ujirani nao umekwisha. Hakuna neno hata moja lililomlaumu yule jirani. Lawama imeletwa na kina. Sasa zigeuze nusu hizo: *Jirani alitoweka, mvua ilipokatika.* Maneno ni yaleyale, mizani zilezile, vina vilevile, ila shtaka limetangulia na mvua imebaki kuwa maelezo ya wakati tu. Mstari wa kwanza unauma, wa pili unaarifu. Nathari ya mistari yote miwili ni moja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayejifunza ni ya kinywa. Asome kwa sauti, tena zaidi ya mara moja, kabla hajauliza chochote. Mizani yenyewe haihesabiki vizuri kwa macho. "Mtu" ina mizani mbili na "mvua" ina mbili vilevile, ingawa kwa herufi moja imeizidi nyingine, kwa sababu *m* ya "mtu" inasimama peke yake na *m* ya "mvua" imemezwa na sauti inayoifuata. Anayehesabu kwa kidole atababaika; anayetamka hatakosea.

Wazee waliotuachia ushairi huu walilijua jambo hili kwa lazima. Mwengo wa Athumani alipotunga *Utendi wa Tambuka* huko Pate mwaka 1728, utungo wenye beti zaidi ya 1,000, uliandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati hizo, kwa jinsi zilivyotumika enzi hizo, hazikuwa na alama tofauti za *e* na *i*, wala za *o* na *u*, na konsonanti kadhaa za Kiswahili zilichangia herufi moja. Msomaji ambaye sikio lake halikuzoea tenzi angepapasa kila mstari. Karatasi ilikuwa ya kumkumbusha mtu ambaye tayari ana sauti kichwani. Mtunzi alitunga, msomaji akaghani, umati ukasikiliza, na wengi wa waliousikiliza utendi huo na kuupenda hawakuwahi kuushika mswada wake.

Ukiisha kuzoea kusikia, utagundua kwamba kila umbo lina mwendo wake na kila mwendo una kazi. Utenzi una mishororo minne mifupi ya mizani nane. Mitatu ya kwanza inafuatana kwa kina kimoja, na wa nne unarudi kwenye kina kinachoshika kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ni umbo linalosukuma mbele. Halikupi nafasi ya kukaa, ndiyo maana likafaa kwa vita, safari, wasia na visa virefu. Tarbia, yaani shairi la mishororo minne katika kila ubeti, ikiwa ya mizani 16 ni kinyume chake: inakaa, inageuza jambo moja huku na huku, na mara nyingi inakuletea kibwagizo kilekile mwisho wa kila ubeti. Kibwagizo ndicho darasa bora kwa mwanafunzi wa ushairi. Maneno hayabadiliki hata herufi moja, lakini kilichosemwa kabla yake kimebadilika, kwa hiyo ubeti wa kwanza kitasikika kama taarifa, wa tatu kama tahadhari, wa sita kama kejeli. Anayekiruka kwa kuwa "ameshakisoma" ameliruka shairi lenyewe.

Na ipo *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19 wakati Pate, mji uliowahi kuwa na mali na majivuno, ulipokwisha kuporomoka. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe. Anautembeza katika majumba ya mawe ya matajiri: vidaka vya ukutani vilivyopangwa vyombo vya kauri sasa vina ndege, popo wametawala darini, na mabwana waliotembea kwa maringo wamo makaburini. Jambo ambalo sioni likitajwa vya kutosha ni upimaji wa mishororo yake. Kila mmoja una mizani kumi, na hazigawanyiki sawa: sita, halafu nne. Nusu ya pili daima ni fupi kuliko ya kwanza. Kila mstari unaanza na pumzi kubwa, unamalizikia njiani. Huenda Sayyid Abdalla alilichagua umbo hilo kwa sababu tu lilikuwepo kwa washairi wa zama zake, lakini mtu akilighani kwa sauti, mji unaanguka mara nne katika kila ubeti hata kabla hajajua maana ya maneno yote. Nathari haitakupa hilo.

Baada ya sikio, linafuata swali ambalo kwangu ndilo kiini cha kuelewa: nani anasema, anamwambia nani, mbele ya nani, na nani anatazamiwa kujibu? Vitabu vya shule vinalijua swali hili, vimelipa hata majina, nafsineni na nafsinenewa, kisha vimelizika humo ndani ya majina. Mwanafunzi anaandika "nafsineni ni mshauri", anasonga mbele.

Mchukue Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu 1776 hadi 1840. Wachambuzi humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni, na ni kweli kwamba alitunga kuhusu mapenzi, njaa, biashara, usaliti na siasa. Kubwa zaidi ni kwamba alikuwa akizungumza na watu waliokuwepo. Mji wake, aliouita Kongowea, ulikuwa chini ya ukoo wa Wamazrui, na Seyyid Said, sultani wa Omani, alikuwa akiutamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 jeshi la Mombasa na Pate lilishindwa vibaya na watu wa Lamu kwenye vita vya Shela. Muyaka aliishi katikati ya hayo, upande wa Wamazrui, na beti zake zilirushwa kwa mahasimu wa Lamu na Unguja, nao walikuwa na washairi wao wa kuzirudisha. Wengine walikuwa maadui wa kweli. Wengine walikuwa marafiki wa barazani wanaopimana nguvu za lugha.

Ubeti wa namna hiyo, ukiuchomoa na kuuweka kwenye karatasi ya mtihani, unageuka kitendawili kilichopoteza mwenyewe. Tunaweza kuuelewa leo kwa sehemu kubwa kwa hisani ya mtu mmoja, Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, ambaye katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 alizikusanya tungo za Muyaka kutoka kwa watu waliokuwa wakizikumbuka, akashirikiana na mmisionari W. E. Taylor kuzihifadhi pamoja na maelezo. Miaka mingi baadaye, 1940, William Hichens akachapisha diwani, na 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake kilichomrudisha Muyaka katika historia ya mji wake. Anayetaka kumfurahia Muyaka asianze na beti tupu. Aanze na ugomvi, kisha beti zitamjia zenyewe zikiwa na makali yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa Mwana Kupona binti Msham. Utendi wake wa mwaka 1858 umefundishwa na kusomwa mno kama orodha ya nasaha kwa mke: mtii mume, mpambe, mlaze. Ukisomwa hivyo, msomaji wa kike wa leo ana kila sababu ya kukifunga kitabu. Lakini msemaji ni mama mgonjwa aliyejua kwamba hatakaa sana, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na nguvu za Unguja. Na anayesemeshwa ni binti yake mmoja, Mwana Hashima, ambaye karibuni atabaki bila baba wala mama katika jamii isiyompa mwanamke kinga nje ya ndoa. Unaweza kuendelea kuyakataa mafundisho yake, na wahakiki hawajakubaliana kama kuna kejeli iliyofichwa ndani ya utii ule. Mimi naona kuna hofu zaidi ya kejeli. Vyovyote iwavyo, hatuwezi kuanza kubishana mpaka tumwone mtoto aliyekaa kando ya kitanda.

Wakati mwingine anayesemeshwa hapaswi kuelewa, na hapo fumbo lina kazi nzito kuliko pambo. Abdilatif Abdalla alifungwa jela nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa, *Kenya: Twendapi?* Humo jela alitunga, akiandika kwenye karatasi za msalani, tungo zilizokuja kuwa *Sauti ya Dhiki*, 1973. Mnyama mkali au jipu linalouma katika tungo kama hizo si la kufasiriwa haraka haraka. Mtunzi alikuwa na wasomaji wawili kichwani, yule wa nje anayepaswa kufahamu na yule mlinzi anayepaswa kuona shairi la kawaida tu. Kitabu hicho kilitunukiwa, mwaka 1974, tuzo ya fasihi yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Sijui fumbo gani lililowahi kufanikiwa kuliko hilo.

Hapa ndipo niwatetee wale wasioelewa kila kitu. Utamaduni huu haujawahi kudai kwamba kila msikilizaji apate yote. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba mambo ambayo mtu wa Ng'ambo mjini Unguja angeyajua kwa majina na mitaa, huku msikilizaji wa mbali akipata sauti, huzuni na nusu ya kisa. Wote wawili walinunua santuri. Kufurahia nusu kwa uaminifu kuna heshima kuliko kujifanya umeelewa yote kwa msaada wa mwongozo wa kurasa 40.

Kikwazo kinachotajwa sana ni lahaja na maneno ya kale. Hicho naona kinaogopwa kuliko kinavyostahili. Mengi ya yale yanayomtisha msomaji wa bara katika tungo za Lamu na Mvita, yaani Mombasa, ni maneno yake mwenyewe yaliyovaa sauti nyingine, tena kwa utaratibu. Macho ni mato, mchana ni mtana, chini ni tini, nchi ni nti. Njia ni ndia na njoo ni ndoo. Moja ni moya, juu ni yuu. Mtu akishika mabadiliko hayo machache, kurasa nzima zinafunguka. Yatakayobaki, hasa ya Kiarabu na ya dini, yana maelezo katika matoleo mazuri kama *Tenzi Tatu za Kale* ya M. M. Mulokozi ya mwaka 1999, ambayo imeweka pamoja habari za shujaa Liyongo, *Al-Inkishafi* na wasia wa Mwana Kupona. Kuhusu mbinu za kufupisha, kurefusha na kubadili maneno, yaani inkisari, mazida, tabdila na jamaa zao, kuyajua majina hakuna dhara. Ila kusema "hapa ametumia inkisari" ni nusu ya sentensi. Neno limefupishwa ili nini kiingie?

Nimesifu mizani na vina kiasi kwamba msomaji anaweza kunihesabu katika kambi ya wanajadi, kwa hiyo niuguse mgogoro wao na watunzi wa mashairi huru. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, kitabu kilichowafundisha watunzi wengi, hasa wa bara, kanuni walizokuwa wakizisikia tu. Miaka 20 baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, akatoa *Kichomi* kwa mistari isiyojali hesabu hizo, akieleza kwamba anataka lugha iliyo karibu na ile watu wanayoitumia. Kahigi na Mulokozi wakafuata na *Malenga wa Bara* 1976. Moto ukawaka kote, magazetini na vyuoni. Upande mmoja ulisema kisichoimbika si shairi. Wa pili ukajibu kwamba vina vimetoka ng'ambo na kwamba nyimbo za Waafrika wengi hazikuvihitaji.

Nadhani kila upande ulikuwa ukiitetea sauti iliyoulea. Mvita ilikuwa na shairi la mizani 16 masikioni tangu utotoni. Ukerewe ilikuwa na nyimbo zake, za mwendo mwingine. Kwa msomaji anayejifunza, faida iliyopatikana ni kwamba sasa ana namna mbili za kusikia, na ya pili inaitegemea ya kwanza kuliko wanamapinduzi walivyokiri. Mtu aliyezoea tarbia akifungua *Kichomi* au *Karibu Ndani* za Kezilahabi hujihisi kama anayeshuka ngazi gizani akakuta kidato kimoja hakipo. Kule kushtuka ndiko mtunzi alikokutaka. Mstari umekatwa kabla ya wakati, neno limeachwa peke yake katika mstari mzima, na msomaji analazimika kusimama mahali ambapo mazoea yangempitisha. Asiyewahi kuzoea ngazi hashtuki. Anaona nathari iliyokatwakatwa tu, kisha anasema hata yeye anaweza. Ndiyo sababu nisingemwanzisha mtu na shairi huru, ijapokuwa lugha yake ni nyepesi na hiyo ndiyo inayowapumbaza wengi.

Shule imeumaliza mgogoro kwa njia yake. Vitabu vya kiada nchini Kenya sasa vinaorodhesha mashairi huru, kwa jina la mapingiti au masivina, pamoja na aina nyingine za kukariri, katikati ya tathlitha, takhmisa na ukawafi. Uasi umepewa namba yake kwenye orodha.

Basi mtu aanzie wapi? Asianze na mkusanyo wa washairi 30, kila mmoja na tungo mbili, kwa sababu atawasahau wote kabla hajaizoea sauti ya yeyote. Achague mtunzi mmoja akae naye miezi: Shaaban Robert kwa anayetaka lugha iliyonyooka na mtu anayewaza kwa utulivu, Ahmad Nassir wa *Malenga wa Mvita* kwa anayetaka ufundi na utani, Abdilatif kwa anayetaka hasira iliyofungwa kwa ustadi. Asome tungo moja kwa juma, kwa sauti. Ahifadhi ubeti mmoja hata kama hajauelewa, maana ubeti ulio kichwani huendelea kufanya kazi mtu akiwa kwenye daladala au anaosha vyombo, na siku moja neno lililokuwa gumu linajieleza lenyewe. Akipata mtu mwenye asili ya pwani wa kumsomea, bora zaidi, kwani mahadhi hayaandikiki.

Kisha ajibu. Hilo ndilo zoezi tulilolisahau, nalo ndilo lililowafundisha washairi na wasomaji wa magazeti tangu enzi za *Mambo Leo*, lililoanza 1923, hadi kurasa za *Taifa Leo* za leo: mtu anasoma shairi la mwenzake, linamkera au linamfurahisha, anashika kalamu kumjibu kwa vina vilevile. Ajibu ubeti mmoja tu, wala asimwonyeshe mtu. Mshororo wa kwanza utakuja kwa urahisi, wa pili utasumbua, na kwenye wa tatu atakwama, kwa kuwa neno analolitaka limezidi kwa mizani moja na lile linaloenea linasema jambo lingine. Akirudi kwenye shairi la mwenzake akaangalia mahali palepale, atakuta mtunzi naye alikwama hapo, na ataona alitokaje.